Kihispania Kisicho na Kwao

Eladio Barraza hakuwa na kimo. Hakuwa na nywele za mbele, wala jino moja la upande wa kushoto, wala mjomba katika fani, wala koti la kuvaa siku ya majaribio. Alilovaa lilikuwa langu. Na alipomaliza kusoma karatasi yake mbele ya kipaza sauti, Bi Hortensia Lascuráin, mkurugenzi wa studio yetu, alivua miwani akatangaza kwamba kijana huyu hana hata lugha.

"Hana lugha vipi, Bi Hortensia?" nikauliza kutoka kwenye mitambo yangu. "Si amesoma Kihispania?"

"Amesoma Kiciénaga, Nicanor, cha kwao pwani ya Kolombia. Herufi anazila kama karanga. Lakini sauti..." Akafumba macho. "Sauti ni ya kwake. Lugha tutampa."

Studio ilikuwa mtaa wa Portales, jijini Mexico, katika jengo lililowahi kuwa duka la viatu. Tulikuwa tukiingiza sauti za Kihispania katika tamthilia za Kibrazili, ili ziuzwe kuanzia mpaka wa kaskazini hadi kwenye barafu ya Patagonia. Kwa kuwa bidhaa ni moja na nchi ni ishirini, ilibidi lugha iwe ile ambayo haichekwi popote. Tuliiita Lugha Safi. Nimeishi miaka mingi, nimesoma sarufi katika madarasa ya jioni mpaka nikapata cheti, na sijawahi kukutana na mtu aliyenyonyeshwa kwa lugha hiyo.

Usafi ulilindwa na kamati ya watu watatu. Bi Hortensia alisimamia masikio ya Mexico, Don Fabricio Oneto wa Rosario alisimamia Argentina na majirani zake, na Bi Maigualida wa Caracas alisimamia Karibi yote. Kila mmoja aliwekewa kengele ya mezani, kama zile za hotelini. Neno likiwa halijulikani kwao, au likichekesha, au likinuka kitanda, kengele inalia na neno linakufa. Asubuhi Bi Hortensia alichovya katika kahawa mkate mtamu ambao jina lake la Mexico ni tusi kule Argentina; Don Oneto hakuweza kulitaja mbele ya mwanamke, kwa hiyo akiomba kipande alisema "kile cha mviringo."

Eladio akapewa sauti ya Tibúrcio, mfuga ng'ombe, mhusika mkuu. Siku ya kwanza Tibúrcio anakutana na rafiki yake wa utotoni aliyetoka jela. Anamkumbatia na kumwita kwa neno la urafiki.

"*Cuate!*" akasema Eladio, akidhani atawapendeza wenyeji.

Ngriii. "Kwetu hilo ni neno la filamu za kofia kubwa," akasema Don Oneto.

"*Pana!*"

Ngriii. "Chile hilo ni ini la ng'ombe," akasema tena Don Oneto. "Atamkumbatia ini?"

"Kwetu ni ndugu wa damu!" Bi Maigualida akafoka.

"Basi mkumbatie wewe, mama," akajibu Don Oneto. "Kijana, jaribu letu, *che*."

Kengele mbili kwa pamoja. Eladio akajaribu na lile la pwani kwao, *llave*, yaani ufunguo, maana rafiki wa kufa na kuzikana ndiye anayekufungulia mlango ukirudi umelewa. Zililia zote tatu. Mpaka adhuhuri Tibúrcio alikuwa amemkumbatia mwenzake akilia machozi na kumwambia: "Rafiki mheshimiwa." Kesho yake alimwona bibi harusi wake akitoka mtoni. Kwa kuwa kila nchi ina neno lake la kitu kizuri na kila neno lilipigiwa kengele, alimwambia: "Mwonekano wako unaridhisha."

Mkataba ulikuwa na kifungu cha usafi: mwigizaji mkuu aseme na aandike Lugha Safi popote alipo, hata nyumbani, ili ulimi usipate uchafu. Eladio alikitii kama mtawa. Asubuhi alimwendea mama muuza tamale, ile mikate ya mahindi ya kupikwa kwa mvuke, kona ya studio.

"Ningependa kupatiwa moja yenye nyama, tafadhali."

"Ee! Balozi wa wapi wewe, baba?" mama akamuuliza, akamwekea iliyobaki chini ya sufuria.

Miezi ikapita. Sehemu za kwanza za tamthilia zikawa tayari kuonyeshwa, na Eladio akataka mama yake, Bi Ubaldina, awe wa kwanza kujua. Huko Ciénaga mtaa wao mzima ulitumia simu ya duka la dawa la Don Aristarco. Bi Hortensia alimruhusu atumie simu ya studio, akasimama karibu, kengele mkononi. Naye Eladio, kwa majivuno kidogo, akataka kwanza amwonyeshe mama jinsi mwanawe anavyosema siku hizi, halafu ndipo ajitambulishe wacheke wote.

"Ninazungumza na Bibi Ubaldina Barraza?" akasema kwa sauti nene. "Bibi, nina habari zinazomhusu mwanao Eladio."

Mayowe yale niliyasikia hata mimi niliyekuwa nyuma ya kioo.

Ni kwamba pwani ile hakuna anayemwita mwenzake bibi na kumaliza maneno yake yote, ila anayeleta habari ya kifo. Meli ikizama, mtu wa kampuni husema hivyo. Kijana akifia jeshini, ofisa husema hivyo. Kabla Eladio hajavuta pumzi, Don Aristarco alikuwa ameshika simu.

"Tumeelewa, bwana. Mungu akulipe kwa adabu yako." Akakata.

Jioni Eladio akanivuta hadi kwenye simu ya barabarani, mbali na kengele. Don Aristarco akapokea.

"Ah, ni yule bwana. Mwili mtauleta lini? Madhabahu iko tayari, glasi ya maji ya marehemu iko juu, wanaume wameshaanza domino. Bi Ubaldina hajatia kitu kinywani. Amefunika televisheni shuka jeupe, hataki kusikia sauti ya kitu."

"Don Aristarco, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Eladio. Ninakuhakikishia kwamba niko hai."

"Sikiliza, bwana. Eladio nimemchoma sindano tangu yuko mgongoni. Eladio hawezi kusema 'ninakuhakikishia' hata umlipe."

Eladio akafungua kinywa aseme Kiciénaga. Nilimwona akihangaika kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Kilichotoka kilikuwa kama mchekeshaji wa redio akiwaiga watu wa pwani.

"Na sasa unatukejeli msibani! Huna mama?"

Akakata. Eladio akabaki ameshika mkono wa simu. "Umetoweka, Mzee Nicanor," akaniambia. "Ulimi wa mama umeniacha." Na hilo nalo alilisema kwa Lugha Safi.

Huko kwao maombolezo huenda usiku tisa. Usiku wa mwisho madhabahu huinuliwa, nguo za marehemu hugawiwa, na roho huambiwa iende zake. Eladio akitokea baada ya hapo atafukuzwa kwa maji ya baraka, tena na mama yake mwenyewe, kama mama atakuwa bado na nguvu za kunyanyuka. Lilibaki jambo moja, barua, maana mwandiko wake mama aliujua. Ila Bi Hortensia alikumbusha kwamba kifungu kimetaja kuandika pia, hivyo kamati ikaketi kumsaidia.

"Anza, 'Mama mpenzi,'" akasema Bi Maigualida.

Ngriii. "Mpenzi ni wa chumbani," akasema Don Oneto.

"'Mimi ni mzima,'" akaendelea Bi Maigualida.

Ngriii. "Mzima wa nini? Wa akili?" akauliza Bi Hortensia. "Kuna nchi watauliza."

Walifanya kazi asubuhi nzima. Mwisho Bi Hortensia akasoma kwa fahari: "Bibi, mtajwa hapo juu anaendelea kuwepo."

"Hii ndiyo itakayommaliza," akasema Eladio polepole.

"Ni safi."

"Mama yangu hali chakula!"

Ngriii, akapiga Bi Hortensia, kwa mazoea tu nadhani. Ndipo Eladio akainuka kwa ukelele wa kwao pwani.

"*Eche!* Wee mama, hiyo kengele kaifunge shingoni mwa punda, maana punda angalau anajua kwao! Mnakaa hapa mnayachinja maneno ya watu kama kuku, halafu mnashangaa mchuzi hauna ladha! Na wewe Oneto, unaogopa mkate? Mkate, mzee mzima! Nyie makuhani wa maji ya uvuguvugu, mama yangu anamwashia mshumaa mtu anayekula tamale hapa Portales!"

Alisema mengine nisiyoweza kuandika, yote ya pwani, herufi zimeliwa nusu. Hakuna aliyeomba tafsiri. Don Oneto akajibu kwa matusi ya bandarini Rosario, Bi Maigualida akawatukana wote wawili kwa Kikaracas, na Bi Hortensia, mwanamke wa miwani ya dhahabu, akatoa maneno ya soko la Mexico niliyoyasikia mara ya mwisho kwa marehemu bibi yangu. Kila mmoja alimwelewa mwenzake barabara.

"Toka!" akamaliza Bi Hortensia. "Oneto ndiye atakayekuwa sauti ya Tibúrcio."

Oneto alikuwa ameshaanza kusafisha koo.

"Mzee Nicanor, karatasi!" Eladio akanipigia kelele. "Haraka, kabla ulimi haujapoa!"

Nikampa kurasa za tamthilia aandike nyuma yake, nikasimama mlangoni. Akaandika amesimama, akisema kwa sauti anachoandika: kwamba yeye si maiti, kwamba yule mpumbavu wa kwenye simu alikuwa yeye mwenyewe, kwamba wale wacheza domino waache kumalizia ramu kwa jina lake, kwamba mama akishamaliza kumlaani ale samaki, na asimgawie mtu suruali yake ya buluu. Hakurudi nyuma kufuta hata neno. Tukakimbia hadi ofisi ya vifurushi vya ndege kabla haijafunga. Hapo akailamba bahasha, akaikandamiza kwa ngumi, akaandika jina la mama yake kwa herufi kubwa. Karani akaigonga muhuri, akaitupa ndani ya gunia la Barranquilla, njia ya kwenda Ciénaga, akafunga kamba.