Nakala ya Kujiandaa

Mimi ndiye ninayegonga muhuri wa IMEPITISHWA kwenye sheria ndogo za jiji letu, na niseme mapema kwamba siringi nao. Miaka kumi na moja niko kwenye chumba kilekile cha ghorofa ya pili, mashine ya nakala upande huu, kabati la mihtasari upande ule, harufu ya wino katikati. Madiwani wanapiga kura, mwanasheria ananyoosha maneno, waziri anatia saini, sheria inatangazwa kwenye gazeti la serikali, ndipo askari wa jiji wanaruhusiwa kumgusa mtu. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi.

Lakini ofisini kwetu tuna mazoea yetu. Siku madiwani wakipitisha sheria, nagonga muhuri, natoa nakala moja, nawapelekea askari chini. Tunaiita nakala ya kujiandaa. Hakuna aliyeniagiza, karani niliyempokea kazi alikuwa akifanya hivyo, nami nikaendelea. Mkuu wa askari wa zamani aliitupa kwenye droo mpaka tangazo litoke. Akastaafu, akaja huyu wa sasa, tunamwita Fasta kwa sababu hata chai anakunywa amesimama. Fasta akaona muhuri, akasoma neno IMEPITISHWA, akatoa gari.

Sheria yenyewe ilikataza kazi yoyote kwenye vibaraza vya maduka ya barabara kuu. Shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki, anashona kwenye kibaraza cha duka la dawa. Yuko hapo tangu mimi niko darasa la pili.

Saa nne asubuhi akanipigia simu. "Wamechukua cherehani," alisema. "Nilikuwa nashona zipu. Wameondoka nayo, na suruali ya mtu ikiwa bado chini ya sindano."

Hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Mkono wangu ulikuwa na wino wa muhuri, nikaufuta kwenye sketi kama mjinga.

"Wewe si uko hukohuko? Hii sheria imetoka lini?"

"Ngoja niulize, shangazi." Mwongo mkubwa mimi.

Nikashuka stoo, kunakowekwa mali zinazokamatwa. Mtunza stoo, mpole kupita kiasi, akanionyesha fomu ya kurudishiwa mali. Juu kabisa kuna nafasi ya namba ya tangazo la serikali. Bila namba fomu haijakamilika, na bila fomu iliyokamilika hakitoki hata kifungo. Namba haikuwepo kwa sababu sheria haikuwa imetangazwa.

"Hata mimi imenishinda," alisema. "Ila siku saba zikipita, vitu vinapigwa mnada. Kifungu cha tisa."

Nilikijua kifungu cha tisa. Nilikitolea nakala mwenyewe.

Nikamwendea Fasta. "Mama, mimi situngi sheria," akasema. "Ikija na muhuri natekeleza. Muulize aliyegonga." Nikapanda kwa mwanasheria, naye akasema kazi yake ni kuandika, utekelezaji haumhusu. Diwani wa kata yetu, ambaye suti aliyoapia nayo ilipunguzwa na shangazi huyohuyo, akaniambia wao walipitisha tu, wakiwaingilia askari wataambiwa wanavuka mipaka. Wote walisema kweli, na hilo ndilo lililonichoma. Kila mmoja alikuwa na kipande chake cha mamlaka na amekikumbatia. Kile kipande cha katikati, cha kushusha nakala ngazi mbili kwenda chini, hakikuwa cha mtu. Kilikuwa changu.

Siku ya tano nikamkuta shangazi nyumbani, amefumua pindo la pazia na analishona upya kwa mkono. Pazia halikuwa na tatizo lolote.

"Umempata aliyekosea?"

"Bado."

"Ukimpata, mwambie aje anitazame usoni. Sitaki zaidi ya hapo."

Sikulala vizuri, na asubuhi nikajikaza. Nikamwandikia mkurugenzi barua ya mistari mitatu: nakala niliipeleka mimi, kabla ya saini ya waziri, bila amri ya mtu yeyote. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. Mchana ule vitu vyote vikarudishwa kwa wenyewe, kwa sababu vilikuwa vimechukuliwa bila sheria, nami nikakabidhiwa barua ya onyo. Cherehani ilirudi na suruali bado iko chini ya sindano. Shangazi akaniombea dua ndefu kwa kumhangaikia. Nikaitikia amina, na wiki tatu nzima sikumwambia aliyekosea ni nani.

Wiki ya nne ikaja bahasha kutoka wizarani. Barua zote zinapita kwangu. Nikaifungua: saini ipo, namba ipo, tarehe ya kuanza ni kesho. Nilitamani kuizika chini ya mihtasari ya mwaka juzi, sikatai. Lakini gazeti la serikali lilikuwa limeshatoka, na mara hii hapakuwa na kosa la kuungama. Nikagonga muhuri wa kupokelewa, nikashuka nayo kwa Fasta.

"Kesho," nikamwambia. "Si leo."

"Kesho," alisema, na akaisoma mpaka mwisho, akiwa amekaa.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwenye kibaraza cha duka la dawa.

"Shangazi, kesho watakuja. Safari hii ina namba."

Mguu wake uliendelea kukanyaga. "Kwani ile ya kwanza haikuwa nayo?"

"Haikuwa nayo. Niliwapelekea mimi kabla ya wakati. Muhuri ni wangu."

Cherehani ikanyamaza. Nikajilazimisha kumtazama usoni, kama alivyotaka. Niliomba anitukane, niliomba hata anipige mbele ya wateja. Alinitazama tu, na macho yake yalikuwa yamechoka kuliko siku ile walipomchukulia mashine.

"Na hii ya leo?"

"Na ya leo."

Akakata uzi kwa meno. Akakunja kitambaa, akakusanya sindano zake kwenye kopo, akafunika mashine kwa kifuniko chake cha mbao. Kisha akasimama upande mmoja, akaniachia ule mwingine.

"Shika huko kwenye gurudumu," alisema. "Ndiko kuzito."