Namba ya Mwalimu Kipeuo

Wanafunzi walimwita Kipeuo kwa sababu ya wimbo wake mmoja: ukitaka kujua kama namba ni tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, usiache kujaribu kuigawa kabla hujafika kipeuo chake cha pili. Wimbo mzuri. Mwimbaji ndiye aliyekuwa mvivu.

Alipopenda, hakununua maua. Alimpa mchumba wake 1,000,001. Moja mimi, moja wewe, alimwambia, katikati sufuri tupu, hakuna mtu, na haigawanyiki. Alikuwa ameipima mpaka tisini na saba, akachoka. Iliyowashinda wote hao, nani ataiweza? Kipeuo chake kilikuwa huko kwenye elfu, lakini mapenzi na subira hawajawahi kulala nyumba moja.

Mama mkwe aliipokea namba ile kama mjukuu. Akaitarizi kwa uzi mwekundu kwenye kitambaa cha meza, macho yakimuuma.

Jumapili wakwe wakaalika majirani. Shangazi wa binti, mwenye ulimi wa pilipili, akauliza ni mwehu gani huleta kitu tasa kwenye uchumba. Watu wakaangua kicheko. Kipeuo akaomba karatasi: tajeni namba yoyote, niwaonyeshe. Wakataja saba, wakataja kumi na tatu. Kila mara kikabaki kitu, akapigiwa makofi.

"Haya mkwe, jaribu mia na moja," shangazi akasema. "Nayo ina moja huku na huku, pengine ni ndugu."

Akagawanya. Ikatoka 9,901, hakikubaki hata chembe.

Aliikodolea macho karatasi, kisha akaikunja. "Imebaki moja, shangazi."

Makofi yakazidi ya mwanzo. Mchumba wake hakupiga. Alimwita jikoni, akafungua bomba wasisikike, akaanza kuosha glasi iliyokuwa safi.

"Nilikuwa nyuma yako," akasema. "Hesabu ikikosewa hufutwa. Ila wewe umemtazama shangazi yangu usoni."

Kipeuo akajitetea kwamba alimhurumia mama, na kazi yote ile ya sindano.

"Usijifiche kwa mama yangu. Kesho mimi nami utaniambia imebaki nini?"

Mvuliwa nguo huchutama. Huyu ilibidi ajivue mwenyewe, mbele ya wakwe, na abaki wima. Akarudi sebuleni.

"Shangazi, nimedanganya. Mia na moja inaigawa, hakibaki kitu. Na niliacha kuipima mapema, kwa uvivu tu."

Laiti wangecheka. Hata shangazi alitafuta pa kuweka macho. Mama mkwe akapitisha kidole juu ya sufuri moja, akauliza taratibu kama itabidi afumue.

 Masikio yakimwaka, Kipeuo aligeukia mlangoni. Mchumba wake alikuwa amesimama pale, mikono ikichuruzika maji. Hakuja kusimama kando yake, wala hakuondoka.