Msindikizaji wa Cornel

Saa moja asubuhi dirisha la kliniki ya methadoni lilifunguliwa kama kawaida. Muuguzi alimimina dawa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, mgonjwa akainywa mbele yake, kisha akatamka neno lolote ili ijulikane amemeza. Wengi walisema "asante, sista". Mmoja alitaja bei ya nyanya. Cornel alisimama nje ya foleni, anapiga miayo na kufuta kamasi, shati limelowa jasho la arosto, ile homa ya kukosa unga wa kulevya. Dawa alikuwa hajaanza. Alikosa msindikizaji.

Utaratibu ulikuwa huo. Huanzi dawa mpaka ndugu yako aje, aketi na mshauri, akubali kukuangalia huko uendako. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye ndugu. Wachimbaji wa Geita wametoka Kigoma, Singida, Tarime, wanalala chini ya turubai moja na watu wasiowajua majina kamili. Cornel alikuwa na dada Runzewe, lakini dada alikwishampigia simu mshauri, Nelly. "Aliuza sufuria za mama kabla matanga hayajaanuliwa," alisema. "Mimi simjui."

"Huna mwingine?" Nelly alimuuliza Cornel.

"Yupo kaka yangu, Benjamini. Ila yuko chini, kwenye duara la Mageni."

"Akipanda mlete."

Duara ni shimo la dhahabu, na hilo la tajiri Mageni lilikuwa limeporomoka mvua za mwaka juzi.

Alhamisi Benjamini akaja. Alikuwa na tochi kichwani, tope limemfika kifuani, na maji yakimchuruzika kutoka mikononi. Zipora, mfanya usafi, alimtazama miguu, akamsalimu Kisukuma.

"Mwangaluka, ngosha. Hiyo sakafu nimetoka kuipiga deki sasa hivi."

"Mwangaluka, mama. Nisamehe. Kule hakuna pa kunawia."

"Basi kanyaga hapo kwenye gunia."

Nelly aliomba kitambulisho. Benjamini alikitoa mfukoni, akakifuta tope. Kwa kuwa marehemu haruhusiwi kumsimamia mgonjwa, Nelly alipiga simu ofisi ya machimbo kuuliza. Akajibiwa kwamba Benjamini ni mzima. Siku duara lilipoporomoka, Mageni aliwaambia wakaguzi kwamba lilikuwa tupu. Wakaguzi walikunywa soda zake, wakaangalia kifusi, wakaondoka. Aliyefukiwa hakuwepo. Cornel akaanza dawa siku ileile, na jioni alikula ugali akaumaliza.

Kwenye ushauri Nelly alimuuliza ilianzaje.

"Nilikuwa nawasikia wanagonga," Cornel alisema. Yeye alivutwa juu siku ile akiwa na mgongo ulioumia, akalazwa chini kambini, na sikio lake lilikuwa ardhini. "Niliwaambia wote. Wakasema nimechanganyikiwa. Mageni akaniletea vidonge vya tramado kwa mkono wake, akasema ni za mgongo. Nikimeza, mgongo unauma vilevile, ila kugonga sikusikii. Nikaomba nyingine. Hakuninyima hata siku moja. Zilipoacha kufanya kazi nikaingia kwenye unga."

"Tuligonga kwa nyundo," Benjamini alisema. "Mpini ulipokatika tukagonga kwa mawe. Mimi na wenzangu watatu. Karasha ya kusaga mawe tulikuwa tunaisikia juu yetu. Haikuzimwa."

Haikuzimwa kweli. Watu wa mialoni, kunakosagwa na kuoshwa mawe, wanakumbuka, na ukiwauliza leo watakutajia hata aliyekuwa akiijaza mafuta.

Nelly alimwita Herman, afisa wa ofisi inayohusika na machimbo. Alikuja na pikipiki, akampa Benjamini mkono, akajifuta kwa leso.

"Pole na kazi," alisema. Akamsikiliza mpaka mwisho. "Shida iko hapa. Duara halifukuliwi bila kifo. Nikiandika huyu bwana amekufa, tutafukua. Lakini akishakufa, huyu mdogo wake hana msindikizaji."

"Na dawa?" Nelly aliuliza.

"Hayo ni ya kwenu. Nyie ndio mna utaratibu."

Cornel alimsogezea Herman kalamu iliyokuwa mezani.

"Andika amekufa," alisema. "Wale watatu wana mama zao. Mpaka leo wanazipigia simu namba za watoto wao."

"Acha ujinga, Cornel," Benjamini alisema. "Sisi tulishamaliza. Wewe bado."

"Mbona nyie hamkuacha kugonga?"

Herman akaandika. Dawa ikasimama Ijumaa. Jumamosi Cornel alianza kutapika, na Jumapili alilala kwenye veranda ya kliniki amejikunja, Benjamini amemkalia pembeni, anampepea kwa kofia yake ngumu. Unga ulikuwa unauzwa nyuma ya soko, hatua chache tu kutoka pale. Cornel hakwenda.

Jumatatu Herman akarudi.

"Wakubwa wamekataa," alisema, bila kushuka kwenye pikipiki. "Marehemu hatoi maelezo. Akiwa ametoa maelezo, basi ni mzima. Akiwa mzima, duara lilikuwa tupu. Mzee Mageni alisema kweli."

"Kwa hiyo nimpe dawa?" muuguzi aliuliza kutoka dirishani.

"Mpe. Ndugu yake hajambo kabisa."

Cornel alinyanyuliwa, akanywa. Hakuna aliyempa pole.

Masudi, mchimbaji wa Kigoma aliyekuwa amekataliwa dawa kwa kukosa ndugu, alimsogelea Benjamini. "Kaka, hao wenzako watatu wana mtu wa kumsindikiza?"

"Nitawauliza."

Kesho yake wakapanda wote. Wiki iliyofuata walikuja waliofukiwa duara la jirani, kisha wa machimbo ya mbali zaidi, ambao hata karasha zao zilikwishauzwa kama chuma chakavu. Muuguzi alianza kuwa na wasiwasi kuhusu utaratibu, hivyo Nelly akapiga simu ofisini tena, akasoma jina moja moja.

Wote walikuwa wazima. Mageni akapewa cheti cha usalama wa machimbo, na kliniki ikaongeza mabenchi.