Maganda Kumi na Mawili ya Doreen

Mwishoni mwa Agosti, Doreen Thackray alirudi kutoka kwa dada yake akakuta bustani yake imependeza kiasi cha kutia shaka. Ua ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha kuruta. Maua makavu yamekatwa, vitunguu vimeanikwa kwa mistari. Hata magugu, wenyeji wa kudumu wa pale, yalikuwa yamehamishwa.

Kisha akatazama maharagwe yaliyotambaa mitini.

"Norman!"

Norman Ogden, jirani wa bustani ya pili, alikuja na tabasamu la mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Umeona kazi, dada?"

"Maganda yangu kumi na mawili yenye uzi mwekundu yako wapi?"

"Ah, hayo! Nikasema, huyu Doreen ana adabu, kanichagulia kabisa."

"Norman. Yako wapi?"

"Nimeyala. Kwa siagi. Yalikuwa magumu kidogo, sikutaka kukuvunja moyo."

Doreen alikuwa ameyafunga uzi maganda yale yasichumwe, yakauke yawe mbegu. Mbegu hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake, haiuzwi duka lolote, na punje zote za mwaka jana alizipanda Mei. Kwa miaka thelathini mbegu hiyo ilipita mikononi mwa Doreen. Mwaka huu ilipita kooni mwa Norman.

"Nilikuomba umwagilie maji tu!"

"Na anayemwagilia huchuma. Ndiyo desturi yetu hapa."

"Huchuma machanga, mlafi wewe! Siyo ganda lenye nyuzi kama kamba ya kuanikia nguo!"

"Nilidhani ni aina ya kizamani."

"Ilikuwa! Umeitafuna!"

Norman alivua kofia, kama msibani. Doreen hakumngoja amalize kuomboleza. Alipiga magoti, akafukua shina moja kwa vidole. Chini palikuwa na mzizi mnene kama muhogo mdogo, mzima kabisa. Mwaka mmoja wa shida, baba yake aliihifadhi mizizi ya namna hiyo kwenye mchanga mkavu hadi baridi kali ikapita, akaipanda tena, ikachipua.

"Chumba chako cha wageni kina baridi?"

"Sana. Ndiyo maana mama mkwe haji."

"Basi mizizi yangu itakuja."

Norman, mtu mwema kwa kiwango cha hatari, aliokota uma wa kulimia akaukita ardhini.

"Siyo leo!" Doreen alipiga ukelele. "Oktoba, majani yakinyauka!"

Akamnyang'anya uma, akamkabidhi ndoo.

"Maji, Norman. Mkono ukigusa kingine chochote, naufunga uzi mwekundu nao ukauke."