Fenesi Lililopaka Poda

Usiku wa kuamkia leo niliota fenesi limekaa kwenye kochi letu, limepaka poda, linasubiri kupigwa picha.

Nililitambua mara moja. Ndilo alilokuja nalo mama kutoka Muheza, kalipakata safari nzima utadhani mjukuu. Jana mchana nilikuwa nimeipiga picha ngozi yake, kwa karibu kabisa, kwa mtindo wangu wa nyumbani: simu imelazwa juu ya makopo ya maziwa ya unga yaliyobebana, lenzi imechungulia nje ya ukingo ikitazama chini, tone la maji limening'inia kwenye lenzi hiyo, na sahani nyeupe imesimamishwa upande unaoelekeana na dirisha ili irudishe mwanga. Vile vimiiba vya fenesi vikatoka kama milima. Nikamwonyesha mama, akasema vizuri. Nikamwomba na yeye aweke kiganja chake pale chini.

Mama akaivuta kanga, akaificha mikono. Akaniambia mtu hapigwi picha ya mikono, tena mikono kama ile iliyopasuka kwa jembe. Nikitaka picha yake nisubiri avae, apake mafuta, akae kwenye kiti kama watu. Na leo anarudi kwao, na mimi nina picha zake sita za uso na hakuna hata moja yenye mikono. Nililala nimeudhika, nisimfiche mtu.

Basi, fenesi liko kwenye kochi. Vimiiba vyake limevichana, limelaza vya kulia huku na vya kushoto huku. Naliuliza linataka nini.

"Ile ya jana uifute," linasema. "Ulinikuta sijajiandaa."

Nikaliambia ile ya jana ndiyo nzuri. Likanitazama kwa vimiiba vyote. Likasema kwao watu hawaendi studio na vumbi la shamba, na mimi niliyezaliwa Muheza nilitakiwa niwe najua hilo bila kuambiwa.

Nafungua mlango nipate hewa. Nje kuna foleni. Wa kwanza ni jiwe letu la kusugulia visigino, limetoka bafuni limevaa tai. Anayefuata ni gome la mwarobaini, limepigwa pasi. Kifuu cha nazi kimenyoa ndevu. Nyuma yao kuna chura aliyejipaka mafuta mpaka anateleza, kila akipiga hatua anajikuta alikotoka. Wote wameshika maua ya plastiki. Na mwisho kabisa wa foleni amesimama mama, mikono ndani ya kanga. Nikamwita apite mbele. Akasema wenzake wamewahi, atafuata zamu.

Mume wangu, Kibwana, yuko mlangoni na kitana kimoja kilichofungwa kamba, kila mteja anachana kisha anampa wa nyuma. Nikamuuliza tangu lini tuna studio. Akasema tangu nilipopanga makopo mezani bila kumuuliza.

Hapo tone la maji likaniita kutoka chini ya simu. Lina sauti ya mwalimu wa zamu.

"Pumzi iache mlangoni," likasema. "Ukipumua natikisika, nikitikisika naanguka. Halafu fanya haraka, mimi nakauka."

Nikaitoa pumzi yangu. Ilikuwa nyepesi kama chandarua kikuukuu, nikaikunja vizuri nikaitundika kwenye msumari wa kapu. Kibwana akaisogeza kidogo isipate vumbi. Nikaendelea na kazi bila pumzi, na ukizoea si vibaya.

Jiwe likaingia, likalala chini ya lenzi. Picha ikatoka nyeupe tupu, poda na hakuna kingine. Nikaliomba lijifute. Likasema halikuacha kazi bafuni kuja kudhalilishwa. Kibwana naye, mtu wa kusaidia hata asipoombwa, akachukua tochi akalimulika usoni vile anavyomulika anayegonga geti.

Kila siku namwambia Kibwana mwanga wa mbele hukifanya kitu kiwe bapa, mwanga mzuri huja ubavuni, kutoka dirishani. Sikujua ni kweli kiasi hicho. Jiwe likawa bapa pale pale. Likatandazika mezani, jembamba kama chapati, vitundu vyake vyote vimezibika, tai iko pembeni.

"Nimekuwa laini," likasema kwa furaha. Halikusema tena.

Foleni yote ikataka tochi. Gome likamulikwa, likawa karatasi. Kifuu kikawa kisahani. Chura alikuwa bado anajitahidi kufika mezani, mwanga ukamkuta njiani, akabaki amechorwa sakafuni. Kibwana anawaokota mmoja mmoja na kuwapanga juu ya kabati, kama vyombo vya wageni. Hakuna anayelalamika. Hakuna anayesema chochote.

Na sasa zamu ni ya mama.

Anakuja ametoa chupa ya mafuta ya nazi kwenye mkunjo wa kanga. Anasema anataka kutoka kama wale wenzake, laini, asiaibishe mtu. Kibwana anatikisa tochi, betri zimelegea. Naogopa. Naona nitakavyobaki na mama bapa juu ya kabati, ananitazama, hasemi. Nataka kupiga kelele, nakumbuka pumzi iko kwenye msumari.

"Sogea karibu," tone linaniambia. "Bado. Sogea tena."

Nainama. Nasogea, nasogea, na meza haipo tena. Nimesimama ndani ya mfereji mkavu wenye kingo zilizopasuka, na udongo ni wa rangi ninayoijua. Ni shamba letu la mihogo. Ni kiganja cha mama. Ninapokanyaga panaonekana wazi, kila mstari, kila chembe. Hatua moja mbele ni ukungu na hatua moja nyuma ni ukungu. Natembea na ule uwazi wangu mwembamba kama mtu mwenye kibatari. Nafika kwenye kovu kubwa, limelala kama gogo. Nalijua. Ni la panga, siku aliponikatia muwa nami namvuta mkono nikilia kuwa anachelewa. Hakunipiga. Alijifunga kitambaa akamalizia kuukata muwa.

Nikakaa juu ya lile kovu, nikaona nampenda mama yangu kuliko nilivyowahi kumwambia.

Halafu nikasikia kizibo cha chupa kinafunguliwa, juu huko, kwenye ukungu. Tone la kwanza la mafuta lingejaza mfereji mzima, nami ndani yake.

"Bi Mwantumu," sauti ikasema. "Hayo mafuta yaweke chini."

Lilikuwa ni fenesi. Limeshuka kwenye kochi.

Mama akaliuliza linamhusu nini. Fenesi likasema linamhusu sana, kwa sababu tangu dunia iumbwe, mtu akipaka mafuta mikononi mbele ya fenesi ni kwamba hataki ulimbo umnase, na kinachofuata ni kisu.

"Na huyu mwanao," likaendelea, "atabaki na picha ya mafuta yanayong'aa. Hao wa juu ya kabati wameng'aa. Wasemeshe, uone."

Nadhani mama aliwasemesha.

"Kwa hiyo nipigwe hivi hivi?" akauliza.

"Hivi hivi. Mimi jana nilipigwa hivi hivi, nikakasirika, nikachana nywele. Lakini ukweli ni kwamba nilitoka milima."

"Naanguka," likasema tone la maji, na likaanguka. Likanipata kichwani pale kwenye kovu, zima zima, na pumzi yangu ikachomoka msumarini ikaja inanitafuta, ikanikuta, nikaamka nimelowa jasho.

Kumepambazuka. Kibwana amelala, amelikumbatia shuka lote. Nikatoka sebuleni.

Mama ameamka zamani. Begi lake liko mlangoni, limefungwa. Ametandika magazeti sakafuni chini ya dirisha, kisu kiko tayari, chupa ya mafuta ya nazi iko tayari, na mbele yake fenesi. Akasema ameona alikate kabla ya kuondoka, maana anatujua, tutahangaika na ulimbo mpaka tulitupe. Mkononi ana kitambaa kibichi, analifuta fenesi katikati ya vimiiba, na kitambaa kinatoka cheupe.

"Nani kalipaka fenesi poda?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui. Nyumba hii haina poda.

Akaendelea kufuta mpaka likatakata. Kisha akaweka kitambaa chini, akaikausha mikono kwenye kanga, akaisogeza chupa ya mafuta mbali kidogo. Akakifungua kiganja chake cha kulia juu ya gazeti, pale mwanga wa dirisha ulipokuwa unapita ubavuni. Lile kovu lilikuwepo.

"Kalete makopo yako," akasema. "Piga upesi, kabla sijapaka mafuta."