Mshale Haujamaliza Kusema

Vipanya vyote vya chumba cha kompyuta vilikamatwa Jumatatu asubuhi, vikatiwa kwenye mfuko wa unga na kufungiwa kabatini, bila hata kimoja kupewa nafasi ya kujitetea. Kosa lao: kutumika kuchezea michezo saa za masomo. Hakimu alikuwa mwalimu wa nidhamu, ambaye shule nzima ilimwita Kata-Kauli, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika mwisho wa sentensi mbele yake. Ukianza tu, "Mwalimu, naumwa—" umeshapewa fagio.

"Kompyuta bila kipanya ni sanduku," alitangaza mstarini. "Na chumba cha masanduku ni stoo. Ijumaa naingiza magodoro."

Hapo ndipo Mdomo, binti wa kidato cha tatu aliyepewa jina hilo kwa haki kabisa, alipofungua kile alichoitiwa. Chumba kile ndipo mahali pekee shuleni alipojulikana kwa jambo jingine zaidi ya usumbufu.

"Mwalimu, kibodi bado zipo. Nitatengeneza programu, hata kidato cha kwanza wachague somo kwa vitufe vya mishale tu."

"Ikishindikana?"

"Magodoro nitayabeba mwenyewe."

Kata-Kauli alitabasamu kama fisi aliyeelekezwa njia ya buchani.

Programu ikaandikwa kwenye skrini nyeusi, ile ya maandishi matupu, isiyo na picha wala madoido. Orodha ya masomo ikajipanga kama gwaride. Sheria zilikuwa mbili: mshale usogeze alama ya kuchagua, juu au chini, kitufe cha Esc kimtoe mtu nje. Mdomo akabonyeza mshale wa chini. Programu ikajifunga. Akabonyeza wa juu. Ikajifunga. Akaibembeleza, akaitukana, akaiandika upya. Kila ilipoguswa mshale ilitoka mbio kama mtoro aliyesikia viatu vya Kata-Kauli.

Pembeni alikaa swahiba wake Kobe, ambaye maneno yake hutoka moja moja, kama matone ya bomba bovu.

"Ule... mshale..."

"Najua, haufanyi kazi!"

"Siyo. Ule mshale... una..."

"Kobe, nina haraka, bwana!"

Hivyo hivyo hadi Alhamisi jioni. Magodoro yalikuwa yameshapangwa barazani. Kobe akasimama, akasukuma kiti.

"Umekuwa... Kata-Kauli... wa pili."

Tusi hilo lilimchoma Mdomo kuliko kiboko. Akajiziba kinywa kwa viganja vyote viwili, akangoja.

"Mshale... hautumi herufi moja," alisema Kobe. "Unatuma tatu. Ya kwanza... ni ileile ya Esc. Programu yako ikiisikia hiyo... inakimbia. Haingoji... zilizobaki."

Mdomo alikodoa macho. Kisha akakaa na kuiagiza programu adabu mpya: ukisikia Esc, tulia kufumba na kufumbua. Zikifuata herufi nyingine, huo ni mshale, usikilize mpaka mwisho. Pasipokuja kitu, ni Esc kweli, toka zako.

Ijumaa Kata-Kauli aliingia na wabeba magodoro nyuma yake, akaketi mwenyewe kwenye kibodi. Mshale wa chini: alama ikateremka. Wa juu: ikapanda. Akabonyeza kama anaua mende. Alama ikamfuata kwa heshima zote. Akajaribu Esc. Programu ikatulia kidogo, kisha ikamtoa nje.

"Mmefanyaje?"

"Tatizo... lilikuwa..." alianza Kobe.

"Inatosha, kaa—"

"Mwalimu, hajamaliza," alisema Mdomo.

Wabeba magodoro wakayatua polepole.

"Unanikata kauli?"

"Ndiyo, mwalimu. Ili yeye amalize ya kwake."

Hakushusha macho. Kobe akaeleza herufi ya kwanza, ya pili, na ya tatu, kwa urefu wa hotuba ya mgeni rasmi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile mtu akafika kwenye nukta.

Hukumu ikasomwa: magodoro yarudi yalikotoka. Mdomo akafyeke uwanja mzima kwa utovu wa nidhamu.

"Na vipanya vyenu mje mvichukue—"

"Vibaki mahabusu, mwalimu. Hatuvihitaji."

Mdomo akatupia fyekeo begani, akasimama mlangoni kungoja kama mwalimu alikuwa na la kuongeza. Mwalimu akamwonyesha uwanja kwa kidole.