Fungua Mdomo Tu

Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Hayo wanayabishia watenda peke yao.

Sisi tulifanya kazi kiwanda cha nguo, dada yangu akitangulia, mimi nikafuata. Kelele ya mashine za kufumia huwezi kumweleza mtu aliyezoea kelele za kawaida. Ungeweza kupiga yowe sikioni mwa mwenzako asigeuke. Kwa hiyo tulizungumza kwa midomo. Huyu anatamka taratibu bila sauti, yule anasoma akiwa ng'ambo ya ukumbi. Tulisengenyana hivyo, tukachumbiana hivyo, tukamtukana msimamizi amesimama katikati yetu anatabasamu, anadhani tunatafuna kitu.

Na tuliimba. Mmoja anaanzisha, wengine mnamtazama mdomo, na mapigo mnayapata nyayoni, maana sakafu ya saruji ilitetemeka kwa mashine. Mwanzishaji wetu alikuwa dada. Tulimpa jina la Kipaza, kwa kejeli: kipaza sauti ambacho hakuna aliyewahi kukisikia. Jina likaganda. Hata wanawe walimwita Mama Kipaza.

Siku mkanda wa mashine ulipomkamata binti aliyefanya kazi kando yake, tuliyemwita Kifupi, kampuni ilisema ni uzembe wa marehemu. Marehemu huwa mzembe sana, hasa mbele ya watu wa bima. Dada akamtungia ubeti. Wimbo ulikuwa na beti mbili za kawaida, za njaa na mshahara. Huu wa tatu ulikuwa wa Kifupi: jina lake alilopewa na wazazi, mama yake, na jambo lililomchekesha asubuhi ile kabla ya mkanda. Tukagoma tukiimba zile mbili; wa tatu aliutamka yeye peke yake, mashineni. Mgomo ukavunjwa, tukatimuliwa kama kuku, na baadaye kiwanda chenyewe kikafungwa. Walichotuachia ni masikio mabovu. Langu la kulia linajikongoja. Ya dada yamekufa yote mawili, ila ole wako umwambie.

Ubeti ule hakuna aliyeuandika. Mimi mwenyewe sijawahi kuusikia. Niliuona tu mdomoni mwake, na niliuona nusu, kwa sababu kila alipofika katikati uzi ulikatika akainama kuuunga. Nimemwomba mara nyingi nyumbani anitamkie. Jibu lake ni moja: "Hauji nikiwa nimekaa."

Basi kikundi cha maigizo cha mtaa kikatangaza mchezo wa nyimbo. Habari yake: mgomo wetu. Ndiyo, wetu. Kwenye tangazo walimchora msimamizi kijana amemshika mfumaji mrembo kiunoni. Njaa yetu imegeuzwa mapenzi. Nililisoma lile bango nikatema mate, dada akanipiga kofi la mgongo.

"Acha kuchafua ukuta wa watu. Wanatafuta wa kuigiza mama wa mgomaji. Ana wimbo wa peke yake."

"Kipaza, utaimba mbele ya watoto hawa?"

"Nitaimba. Nataka Kifupi asikike mara moja. Mara moja tu, kwa sauti ya mtu. Baada ya hapo nife zangu."

"Hufi leo."

"Nani kakwambia naomba ruhusa?"

Mchujo ulifanyika kwenye jengo la kikundi, ambalo zamani lilikuwa ghala la vitambaa vya kiwanda. Nilijua hata kabla ya kuingia mahali ambapo paa linavuja. Wamepaka rangi, wametundika mapazia, na wametandika zulia zito ukuta hadi ukuta ili hatua za waigizaji zisisikike. Dada alivua viatu mlangoni kama kawaida yake. Nilimwona anakanyaga, anakanyaga tena, uso unabadilika. Sakafu ilikuwa bubu.

Mezani walikaa wawili: mwongozaji, kijana mpole mwenye kofia ya sufu, na mwenyekiti wa kamati, mama mwenye duka la dawa. Kando, kijana wa kinanda anatafuna chingamu. Nyuma yao vijana waliosubiri zamu zao wakawa wanapasha koo, la la la, kama mbuzi waliosahauliwa kambani.

"Mama yetu, karibu," mwongozaji akasema. "Unatuimbia nini?"

Dada alimsoma mdomo. "Wimbo wa mgomo. Wote, beti tatu."

"Safi! Kinanda kitakufuata."

Kinanda kikaanza. Yeye hakukisikia. Akatafuta mapigo nyayoni, hayapo. Ndipo akafanya ambalo yeyote kati yetu angelifanya: akatafuta mdomo. Waliokuwa mezani walikuwa wamefumba yao. Mdomo pekee uliokuwa unakwenda ukumbini ulikuwa wa kijana wa kinanda, na taya lake likipanda na kushuka, likipanda na kushuka. Dada akaushika huo. Akaanzisha wimbo wetu kwa mapigo ya chingamu.

Sauti ilitoka kama mlango wa bati. Kinanda kinakwenda huku, yeye anakwenda kule. Kijana akapuliza puto, taya likasimama, dada akasimama naye, mdomo wazi, anangoja. Puto likapasuka, taya likaanza mbio, naye akaanza mbio. Vijana walishika matumbo. Mmoja akalala kabisa juu ya zulia. Dada akauona ule mdomo uliocheka, kisha mwingine, akafumba macho na kuendelea. Alimaliza ubeti wa kwanza. Alimaliza wa pili. Alivuta pumzi kwa ajili ya Kifupi, akafumbua macho, na mama wa dawa akawa ameshainua mkono.

"Inatosha, mama. Asante."

Kisha akamgeukia mwongozaji akanong'ona. Wanaonong'ona hudhani sauti ndiyo mazungumzo. "Masikini, huyu ni kiziwi. Nani kamleta?" Mwongozaji naye akanong'ona, "Tumwambie tutampigia simu."

Akaongeza sauti na tabasamu: "Mama, una moyo wa ajabu. Tutakupigia simu."

"Simu ya kiziwi?" dada akasema. "Mwambie mama wa dawa, amenileta mdogo wangu. Yule pale mwenye uso wa ndimu."

Kicheko kikakatika. Mwongozaji alivua kofia, akaivaa tena. Aibu ilimwingia, na aibu ya mtu mpole ni hatari, maana hutoa zawadi. Akainuka, akamjia dada karibu, akamtamkia pole pole.

"Mama, nisamehe. Nakuweka kwenye kundi la wafanyakazi. Mstari wa mbele kabisa, watu wakuone. Ila wakiimba... fungua mdomo tu. Usitoe sauti."

Hasira ilinipanda mpaka sikio zima likavuma. "Kipaza, twende zetu."

"Nenda wewe."

"Wimbo ni wako! Wanakupa kazi ya kuwa samaki!"

Alinishika kidevu kama nilipokuwa mtoto, akaacha sauti, akatumia midomo peke yake, kama zamani. *Nimeimba maisha yangu yote bila kusikika. Nitaimba humu humu. Wakifika mahali pa ubeti wa tatu, mimi nitaimba wa Kifupi. Nitakuwa nimesimama, nina wenzangu pembeni. Wewe kaa mbele unisome. Safari hii siinami kuunga uzi.*

Nikakubali. Mwaka ule wa mgomo tulikuwa ukumbi mzima wa kumsoma. Wengine wamezikwa, wengine wamehamia kwa watoto wao, wengine macho yamefuata masikio. Nimebaki mimi.

Mchezo ulikuwa Jumamosi mchana. Nilifika mapema nikakaa kiti cha mbele, kalamu na karatasi mapajani. Mapazia mazito yalifungwa, jukwaa likawashwa taa. Msimamizi kijana akampenda mfumaji, mfumaji akalia, msimamizi akatubu. Niliyavumilia. Katika historia nzima ya kiwanda kile sikuwahi kuona msimamizi akitubu, lakini niliyavumilia.

Kundi likatoka. Dada mstari wa mbele, shingo imenyooka, kitambaa cha kazi kichwani. Wimbo ulipoanza, mdomo wake ulikwenda sawasawa, hauna kosa. Ubeti wa kwanza nikausoma kama gazeti. Wa pili vilevile. Alinitafuta kwa macho akaniona. Akavuta pumzi. Nilimwona akianza: midomo ikafumba, ikafunguka, nusu ya kwanza ya jina la Kifupi.

Taa zikazimwa.

Zilizimwa kwa kundi tu. Duara jeupe likamwangukia mfumaji mrembo, naye akasonga mbele kuimba ubeti wa tatu, walioutunga wao, wa mapenzi yanayoshinda yote. Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama, nikapiga kelele, "Washeni taa! Washeni, kuna mtu anaimba!" Mlinzi akanikalisha kwa mabega. Gizani niliona weupe wa kitambaa chake tu, kinatikisika kidogo, kisha kikatulia.

Nilimngojea nje, ukutani, juani. Alitoka ameshalowa jasho, anang'aa. Sijamwona hivyo tangu siku ya mgomo.

"Nimefika mwisho," akasema. "Wote, mpaka alichokicheka. Umepata?"

Ningeweza kudanganya. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwangu, nyeupe, na yeye anasoma kila kitu.

"Walizima taa, dada."

Aliutazama mdomo wangu muda mrefu, kama mtu anayetaka urudie.

"Hata wewe?"

"Niimbie hapa. Umesimama. Niimbie sasa hivi."

Akaegemea ukuta, akafungua mdomo. Nikakaza macho. Watu walitupita wakitoka, wanaupiga mluzi ule ubeti wa mapenzi. Mdomo wake ulibaki wazi pale pale, midomo haigusani, ubeti hauji, mpaka akaona kwamba bado nangoja, akanyoosha mkono akanifumba macho.